Mchana Wali, Usiku Boflo

Liko swali ambalo huulizwa kila jioni katika nyumba za Unguja, tangu vichochoro vya Shangani na Malindi hadi mitaa ya Ng'ambo, na tangu Mkokotoni hadi Makunduchi, nalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya uchovu: "Usiku tule nini?" Anayeuliza ni mwanamke aliyekwisha kupika wali mchana. Anayejibu, akiwapo wa kujibu, ni mwanamume aliyeketi barazani, na jibu lake ni neno moja: "Chochote." Walakini aletewapo chochote hicho, kisiwe wali wala mkate, hukunja uso. Basi mtoto hutumwa dukani akarudi na boflo, mchuzi wa mchana hupashwa moto, chai huandaliwa, na siku ikafungwa. Kesho yake huwa hivyo hivyo, na kesho kutwa pia.

Sina nia ya kuwacheka wanaouliza. Uchovu wao ni wa kweli, nami nimeuona nyumbani kwangu. Ninachokusudia kukipinga katika makala haya ni sababu inayotolewa ya uchovu huo. Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu msomi na mwenye heshima zake, aliniambia hivi karibuni: "Ndugu yangu, upishi wetu ni maskini. Wali, mchuzi, mkate. Mkate, mchuzi, wali. Ukitaka kubadilisha ladha huna budi kuwatazama wenzetu." Kisha akanionyesha katika simu yake picha za vyakula vya nchi za mbali ambavyo binti yake alikuwa akijifunza kuvipika: tambi za pakti zinazomwagiwa maji ya moto, mchele uliokaangwa ukageuka rangi kwa sosi nyeusi, na kitu fulani cha jibini ambacho mimi sikukijua wala yeye hakuweza kunieleza. Sikumjibu siku ile, maana ofisi si mahali pa kugombania vyungu. Namjibu leo.

Upishi wetu si maskini hata kidogo. Sisi ndio tuliouweka kizuizini. Tumechukua vyakula viwili, ambavyo sehemu yake kubwa huja kwa meli, tukavipa peke yao cheo cha kuitwa chakula. Vilivyobaki vyote, vinavyoota nyuma ya nyumba zetu, tukaviita vya shamba, vya shida, vya watu wasio na uwezo. Baada ya kujifungia mlango kwa mikono yetu wenyewe, tukaketi ndani tukilalamika kwamba chumba ni kidogo.

Wala sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Uko katika kalenda. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, nyumba ile ile, jiko lile lile na mpishi yule yule hutoa kila magharibi vyakula ambavyo mwezi uliotangulia hakuna aliyevikumbuka. Hutoka muhogo wa nazi uliopikwa na samaki mpaka tui likaganda juu yake. Hutoka ndizi mbichi za kupwaza, na ndizi mbivu za nazi zenye harufu ya iliki. Hutoka majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, mashelisheli, boga, kunde na mbaazi za nazi, uji mwepesi wenye pilipili manga, bokoboko la ngano lililosongwa na nyama hata mtu asijue nyama imeishia wapi. Hutoka mkate wa ufuta, mkate wa kumimina, tambi za sukari na vipopoo. Bwana yule aliyekunja uso barazani humega jimbi kwa furaha, akalitowea katika mchuzi, akaomba aongezwe. Darajani, katika soko lile lililojengwa mwaka 1904, watu husukumana kugombania mkungu wa ndizi, na bei yake hupanda kama bei ya dhahabu.

Shawali ikiandama, yote hayo hukunjwa kama jamvi la mgeni aliyekwisha kwenda zake. Mtu wa nje akituuliza kwa nini jimbi ni chakula cha heshima tarehe 29 Ramadhani na ni aibu tarehe 5 Shawali, tutamjibu nini? Ardhi haikubadilika, wala nazi, wala mikono ya mpishi. Kilichobadilika ni ruhusa. Kwa mwezi mmoja tumejiruhusu kula vyakula vyetu, na kwa miezi kumi na mmoja tumejinyima.

Hata ulimi wetu unatoa ushahidi dhidi yetu. Mara ngapi tumemsikia mtu aliyekula muhogo na samaki akashiba barabara, naye akiulizwa kama amekula, hujibu: "Nimekula muhogo tu, sijala"? Sentensi hiyo fupi, ambayo mwalimu wa sarufi angeiona haina maana, imebeba historia nzima. Nitairejea.

Kwanza nataka nimlete mbele ya msomaji mtu ambaye swali la jioni halikumsumbua. Bibi yangu mzaa mama aliishi Jambiani, katika ardhi ya maweni, ambako udongo hupatikana vishimoni baina ya mawe na si katika makonde mapana. Mpunga hauna makazi huko. Watu wa upande ule wa mashariki walipanda mtama, uwele, kunde, mbaazi, muhogo na viazi vikuu, kila kimoja katika kishimo kilichokifaa. Sikumbuki hata mara moja kumsikia bibi akiuliza apike nini. Aliyemjibu alikuwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua. Maji hutoka mbali sana, na wanawake huteremka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza katika mashimo na kuokota kombe na chaza. Siku hizo kitoweo kilikuwa pweza aliyepondwa akalainika, akatiwa tui, na chakula kilikuwa muhogo au viazi vitamu. Zikija siku za maji mafu, pwani haina cha kumpa mtu aendaye kwa miguu. Basi kitoweo kilishuka kutoka uchagani juu ya moto, papa mkavu au ng'onda, au kilitoka katika kapu la kunde. Kusi likivuma kwa nguvu na ngalawa zikabaki mchangani, palikuwa na kisamvu. Mvua za masika zikinyesha, mnavu na mchicha viliota vyenyewe uani. Embe mbichi zikiwapo, ndizo zilizotia ukali katika mchuzi, na ukwaju ukapumzika.

Kwa hiyo bibi hakuwa na orodha ya mapishi. Alikuwa na bahari, mvua na konde, na hivyo vitatu havikukubali kumpa kitu kimoja kwa siku kumi mfululizo. Msomaji asidhani kwamba naisifu dhiki. Bibi alichoka sana, na mgongo wake ulipinda kabla ya wakati. Nasema tu kwamba katika mambo mengi yaliyomchosha, kuchoshwa na ladha ya chakula hakukuwamo.

Tena alikuwa mtu mwenye elimu. Muhogo mchungu una sumu. Asiyejua akiula hivi hivi hudhurika. Bibi aliujua kwa kuuonja kwa ncha ya ulimi, akautenga, akaumenya, akaukata vipande, akauroweka, akauanika juani siku kadhaa ukawa makopa, ndipo akautwanga upate unga wa kusongea bada. Kisamvu nacho alikitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo, ingawa yeye alisema ni "kuondoa ukali." Hiyo ilikuwa kemia iliyofundishwa bila ubao wala chaki. Leo vijana wetu wanaofaulu kemia kwa alama nzuri hawawezi kuutambua muhogo mchungu sokoni.

Sasa wako watakaosema kwamba wali ndio asili yetu watu wa pwani, na kwamba mwandishi huyu anataka kutupokonya urithi. Hebu tuiulize historia. Unguja Ukuu, mji uliostawi tangu karne ya 7, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta punje za mchele, ni kweli. Lakini wamezikuta pamoja na punje za mtama na uwele. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandikiwa wali wa samli katika karamu za Mogadishu, na pembeni yake ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, maembe na achari ya ndimu. Alipofika Mombasa alieleza kwamba wenyeji hawakulima nafaka. Chakula chao kilikuwa zaidi ni ndizi na samaki. Pemba nayo, katika enzi za Wareno, ilisifika kwa mpunga wake uliolisha Mombasa. Basi wali ni wa kale, nami siupingi. Lakini ulikuwa mmoja miongoni mwa wengi, na mahali pake pa heshima palikuwa harusini, katika maulidi, na mbele ya mgeni. Kitu cha harusi kikifanywa cha kila siku, harusi nayo hupoteza kitu.

Nini basi kilitokea? Katika miaka ya 1830 na 1840, Seyyid Said bin Sultan alipokuwa amehamishia enzi yake Unguja kutoka Maskati, mashamba ya upande wa magharibi wa kisiwa yalifunikwa kwa mikarafuu. Ardhi iliyo bora ikaacha kulima chakula ikalima fedha, na fedha ikanunua mchele wa kuja kwa majahazi. Waliokula mchele huo walikuwa mabwana wa mjini. Watumwa waliopanda na kuchuma karafuu walipewa vipande vya ardhi, na siku mbili katika wiki, aghalabu Alhamisi na Ijumaa, wajilimie chakula chao wenyewe. Na walicholima zaidi kilikuwa muhogo. Hapo ndipo sahani ya Unguja ilipogawanyika. Wali ukawa wa muungwana, muhogo ukawa wa mtumwa, na mtu aliyetaka kuonekana muungwana alijua afiche nini wageni wanapobisha hodi.

Sheria iliondoa utumwa mwaka 1897. Mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa mabwana, na ardhi ikagawiwa watu kwa eka tatu tatu. Lakini hakuna sheria wala mapinduzi yaliyoingia jikoni kuifuta daraja ile ya vyakula, na Waingereza, walipokuwa na nafasi ya kuifuta, waliikazia. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 na mchele wa huko ukakatika kwa nchi nyingi za Bahari ya Hindi, chakula kiligawiwa hapa kwa mgao uliofuata kabila la mtu, na mchele ukawa haki ya wengine kuliko wengine. Fikiri, ewe mwanafunzi: karatasi ya serikali inayosema kwamba aina fulani ya binadamu inastahili aina fulani ya punje! Baba zetu waliotiwa aibu namna hiyo wangewezaje kuupenda muhogo? Waliutaka wali kama mtu anavyotaka haki yake. Mimi siwalaumu. Najilaumu mimi na kizazi changu, ambao karatasi ile hatukuiona na bado twaitii. "Nimekula muhogo tu, sijala" ni sauti ya karatasi ile.

Kizazi changu kina kisingizio chake pia. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 twaikumbuka foleni. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, fedha za kigeni hazikupatikana, na mchele, unga na sukari vilikuwa vitu vya kusubiriwa. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kuonja upungufu kama huo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mara zote mbili muhogo ndio uliotuokoa. Lakini mwanadamu humchukia aliyeshuhudia dhiki yake. Biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo ule na magunia yakajaa madukani, watu walikula wali kwa kisasi. Nawajua wanawake walioapa kwamba muhogo wa maji na chumvi hautaingia tena katika vyungu vyao, na kiapo chao wamekitimiza hadi leo.

Kisasi hicho tunakilipia. Ngano haioti Unguja. Boflo nzima, isipokuwa maji yake, ni mgeni. Mabonde yetu ya mpunga, kama lile la Cheju, yanafanya kazi njema, lakini hayajaweza kututosheleza. Kwa hiyo Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya ngano ilipanda duniani, na watu waliogombana mbali nasi wakaipunguza boflo ya mtoto wa Kikwajuni. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na hapa kwetu wenye maduka wakatazamana. Katika miezi hiyo yote mishelisheli ya Unguja iliendelea kuzaa, haikupata habari. Matunda yake yalianguka yakapasuka chini ya miti, tukayaruka tukienda dukani.

Hapa mwenzangu wa ofisini ataniambia kwamba nimeugeuza upishi kuwa siasa, na kwamba ninachukia vya kigeni. La hasha. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini. Mahindi, nyanya, pilipili na viazi vitamu vilitoka upande huo huo. Shelisheli limebeba jina la visiwa vya watu. Biriani tumelipata kwa Wahindi. Bibi zetu hawakumfukuza mgeni yeyote. Walimpokea, wakamvua viatu, wakamtia nazi, na baada ya miaka michache akawa hana kwao kwingine. Ninachokipinga ni kumkaribisha mgeni ili tupate sababu ya kumfukuza mwenye nyumba. Binti wa mwenzangu anaijua tambi ya pakti, ambayo ladha yake imefungwa katika karatasi ndogo na mtu asiyemjua, na ni ile ile leo na kesho, Unguja na Ulaya. Je, hicho ndicho kitakachomtoa katika uchovu wa kitu kimoja?

Iko hoja nyingine yenye uzito zaidi, nayo ni ya wakati. Mwanamke wa leo anayetoka kazini saa tisa na nusu, akapanda daladala, akafika nyumbani amechoka, hana nguvu za kushika mchi. Hata Jambiani na Paje, tangu kilimo cha mwani kilipoanza mwaka 1989, wanawake wengi hushinda baharini wakifunga na kuvuna mwani, na bamvua ile iliyokuwa ya pweza imekuwa ya kamba na vigingi. Hoja hii naikubali, na sitaki kuandika kama wale waandishi wanaume wanaosifu kutwanga kwa sababu hawakutwanga. Hata hivyo nauliza: kupwaza muhogo au ndizi kunazidi vipi kupika wali? Sokoni siku hizi kisamvu huuzwa kimekwisha kutwangwa, na nazi hukunwa kwa mashine mbele ya macho yako, ukaenda zako na kazi imebaki kuchuja tui. Mbaazi zilizorowekwa asubuhi huwa zimelainika jioni. Kinachokosekana si saa nzima, ni mikono miwili zaidi. Na mikono hiyo iko barazani, inashika bao.

Maana nimekwisha kusema kwamba anayejibu "chochote" ni mwanamume. Mpishi wetu hakosi fikra. Anazo, ila amejifunza kuzimeza. Alipika boga la nazi Jumatatu moja, akaambiwa kwa mzaha, "Leo tumekuwa watoto?" Alipika ugali wa bada na papa mkavu, akaulizwa kama mshahara haujatoka. Baada ya maneno ya namna hiyo mara tatu, mtu mwenye akili hupika wali. Wali haumletei matusi. Basi tunapoketi tukilalamika kwamba nyumbani hapana jipya, tukumbuke nani aliyeliua jipya hilo lilipokuwa changa. Na anayetaka chakula kibadilike, aanze kwa kushika kisu akamenya muhogo. Kisu hakiulizi kimeshikwa na mume au mke.

Nina neno kwa walimu pia. Niliwahi kulitazama daftari la somo la sayansi kimu la mwanafunzi mmoja jirani yetu. Mlikuwa na keki, na vipimo vyake vimeandikwa kwa mwandiko mzuri; mlikuwa na kastadi; mlikuwa na namna ya kupanga uma na visu mezani. Mkate wa mofa haukuwamo. Siku chache baadaye binti yangu alilisikia jina hilo la mofa redioni, akaniuliza ni mkate gani. Nilimwambia ni wa unga wa mtama, huchachushwa, hupigwa tanuri, huliwa ungali moto. "Unachachushwa kwa nini, baba?" Sikujua. Mama yake hakujua. Tuliwauliza jirani watatu, na wa tatu alitupeleka kwa bibi mmoja wa mtaa wa pili ambaye alianza kutueleza, akasita katikati, akasema kwamba mikono yake ingekumbuka lakini kichwa kimesahau. Elimu iliyohifadhiwa mikononi huzikwa pamoja na mikono. Mji Mkongwe umetiwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Milango yake ya kuchonga imepigwa picha na kuandikiwa vitabu. Mimea yetu ya kuliwa iliandikwa kwa urefu na mgeni, R. O. Williams, katika kitabu kinene kilichotolewa hapa Unguja mwaka 1949. Nani ameandika vyungu?

Mwalimu wa Kiswahili angeweza kulifanya hili kwa wiki moja, bila kusubiri fedha. Kila mwanafunzi aende nyumbani akamwulize mtu mzima kuliko wote jina la chakula kimoja ambacho zamani kilipikwa usiku na sasa hakipikwi. Aandike kilivyopikwa, nani alikipika mara ya mwisho, na kwa nini kiliachwa. Darasa la wanafunzi arobaini litarudi na vyakula visivyopungua ishirini, naamini hivyo, na miongoni mwa sababu za kuachwa, neno "aibu" litajitokeza mara nyingi kuliko neno "uvivu." Sisi washairi nasi tungefaa kulipa deni letu. Tumeusifu wali na pilau katika beti zisizohesabika. Jimbi hatukulipa hata kituo kimoja, ilhali vina vyake si vigumu.

Jambo jingine dogo, nalo linaniudhi kila nipitapo mitaa ya Mji Mkongwe wakati wa jioni. Katika mikahawa ya wageni, pweza wa nazi na ndizi za nazi vimeandikwa ubaoni kwa chokaa, na Mzungu hulipa bei kubwa kwa furaha. Ndani jikoni anayevipika ni kijana wetu wa Ng'ambo. Akimaliza kazi hupita dukani, akanunua boflo, akaenda nayo kwao.

Nisije nikaonekana kama mtu anayewarushia wenzake mawe kutoka nyumba ya vioo, nitakiri langu. Miaka michache iliyopita alitutembelea ndugu yangu, mtoto wa ami yangu, anayeishi Maskati kwa zaidi ya miaka thelathini. Alifika bila taarifa, baada ya magharibi. Jikoni mke wangu alikuwa amepika majimbi ya nazi na ng'onda ya kukaanga, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo. Nilipojua, nilitaharuki. Mtu amepanda ndege kutoka Oman, nimwekee majimbi? Nikamnong'oneza mwanangu mlango wa nyuma, nikampa fedha, akakimbia kununua boflo nne na kopo la siagi. Mke wangu alinitazama, hakusema neno, akapakua kila kitu katika sinia moja, akafunika kawa, akaweka.

Mgeni alifunua kawa. Alikaa kimya kidogo, kisha akanawa, akavuta sinia upande wake. Alikula majimbi mpaka akafika katika tui lililobaki chini, akalikwangua kwa kidole. Alituuliza kama bado yanauzwa Mwanakwerekwe, na kama mtu aliyeyakata vipande na kuyagandisha angeweza kuyapitisha katika uwanja wa ndege. Boflo hakuigusa. Tulizila sisi asubuhi yake, zimekwisha kukauka, tukizichovya katika chai.